Sijambo ya Chiriku

Kila asubuhi, kabla hajafumbua macho, Chiriku alianza na vidole vya miguu. Alivikunja taratibu kuona kama vitamtii. Vikitii, alihamia kwenye magoti. Magoti yakitii, aliketi ukingoni mwa kitanda, akashika godoro kwa mikono miwili na kungoja chumba kiache kuzunguka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, lakini aliamka amechoka kuliko alivyolala, kama mtu aliyebeba mawe usiku kucha. Na kila asubuhi aliogopa jambo lile lile: siku moja vidole havitaitika.

Kitanda chake kilikuwa nyuma ya pazia, na upande wa pili wa pazia kulikuwa na duka la baba yake, ambaye alikuwa dobi. Juu ya meza ndefu palitandikwa blanketi kuukuu lililofunikwa kwa shuka jeupe, na juu yake ilikaa pasi nzito. Nguo zilizokwisha kunyooshwa zilining'inia kwenye kamba mbili. Nguo chafu zilikaa chini ya meza, kila bunda limefungwa kwa mikono ya shati mojawapo la mle mle ndani. Mama alifulia uani. Chumba kizima kilinukia sabuni, wanga na mvuke.

Jina la Chiriku alipewa na baba, kwa sababu tangu ajifunze kusema hakujua kunyamaza. Kazi yake ya jioni ilikuwa kushona alama ndani ya kola za nguo, mishono mitatu ya uzi, kila mteja na rangi yake, ili nguo zisichanganyike. Kazi nyingine, ambayo baba aliithamini zaidi, ilikuwa kuamkia wateja. Baba alijivunia watoto wenye adabu. Aliwafundisha kwamba mtoto anaamkia mkubwa kwanza, na akiulizwa hujambo, anajibu sijambo kwa sauti inayosikika, hata kama amejikwaa sasa hivi na kidole kinatoka damu. Mteja hakuja kusikiliza shida zako, alisema. Mdogo wake Chiriku aliwahi kumjibu mteja kwamba tumbo linamwendesha tangu usiku, na mteja yule alichukua suruali yake mbio bila hata kuikagua. Kwa wiki nzima baba hakuwa na mazungumzo mengine nyumbani.

Miezi minane iliyopita, homa ilipita shuleni. Karibu nusu ya darasa waliugua. Wenzake walirudi baada ya wiki moja, wengine wakijivuna kwamba walikula machungwa peke yao bila kugawa. Chiriku pia homa ilimtoka, lakini nguvu hazikurudi. Alisoma mstari mmoja mara tatu na bado maneno yakamponyoka. Kusimama kwenye mstari asubuhi kulimfanya asikie upepo masikioni. Na jambo lililomtisha zaidi ni kwamba uchovu wenyewe haukuja kwa utaratibu unaoeleweka. Angeweza kufagia uwanja Jumatatu na kujisikia vizuri, halafu Jumatano ashindwe kuinua mkono kuchana nywele. Uchovu ulikuja ukiwa umechelewa, kama mgeni aliyekosea siku, na ulipofika haukuondoka haraka.

Kwa hiyo nani angemwamini? Wasichana wa darasani walimpa jina la Bi Kitanda. Ijumaa moja alichoka kuitwa hivyo, akaingia kwenye kamba akaruka nao mpaka kengele ikalia, akicheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Jumapili hakuweza kuketi. Jumatatu kulikuwa na jaribio la hesabu.

"Ijumaa miguu ilikuwa na chemchemi," baba alisema akiwa amesimama kando ya pazia. "Leo kuna hesabu, chemchemi zimekatika."

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa sauti ya mtu aliyevunjika moyo, na hiyo ilimuuma Chiriku zaidi.

Kisha likatokea jambo la mashati. Siku hiyo kichwa cha Chiriku kilikuwa kimejaa ukungu. Uzi wa kijani ulikuwa wa fundi bomba, wa buluu ulikuwa wa mwalimu mkuu, naye alishona kila mmoja mahali pa mwenzake. Kesho yake fundi bomba, mtu mwenye mabega kama mlango, alikuja dukani amevaa shati lililoishia kwenye viwiko.

"Dobi, hili umelifua au umelichemsha?" aliuliza. "Nimeleta shati, nimerudishiwa leso."

Baba alicheka naye, akaomba radhi, akambadilishia. Lakini fundi bomba alipoondoka, baba alikaa kwenye kigoda muda mrefu akiitazama ile kola yenye uzi usio wake. Jioni alizungumza kwa simu na dada yake.

Shangazi yao alifanya kazi katika tanuri la mikate, mji mwingine, na alikuwa macho kabla ya jogoo. Alikuwa mwanamke mwema, lakini aliamini kwamba hakuna mtoto mgonjwa asiyeponywa na kazi. Alimwambia baba ampelekee Chiriku kwa miezi mitatu, atamnyoosha kuliko pasi inavyonyoosha. Baba alifikiri, akaamua. Tangu homa Chiriku alikuwa amepimwa mara kadhaa, na sasa walikuwa wanangoja majibu ya vipimo vya mwisho hospitalini. Vipimo vikionyesha ugonjwa, Chiriku atatibiwa. Vikiwa safi, shule ikifungwa ataondoka na shangazi.

Watu wengine huomba vipimo vyao vitoke safi. Chiriku alijifunika shuka mpaka kichwani na kuomba vionyeshe kitu, chochote chenye jina. Halafu akaogopa maombi yake mwenyewe, akayafuta kimoyomoyo, akalala bila kuomba kitu. Alijua mwili wake usingeiweza kazi ya tanuri. Ungeanguka siku ya pili au ya tatu, na huko hapangekuwa na mama.

Siku mbili kabla ya kwenda hospitali alipumzika kabisa. Asubuhi yenyewe mama alimwogesha, akamchana, akamvika gauni la kutokea. Kwenye meza ya mapokezi alikaa muuguzi ambaye walimfahamu, kwani sare zake nyeupe zilifuliwa na baba. Chiriku alisimama wima na kumwamkia.

"Marahaba. Hujambo, Chiriku?"

"Sijambo."

"Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri."

Muuguzi aliuliza kama anakula, akajibu anakula. Aliuliza kama analala, akajibu analala. Ilikuwa kweli, alilala kwa muda wa saa kumi na mbili na kuamka hoi, lakini hilo hakuulizwa. Baba alisimama nyuma yake, na Chiriku aliuhisi mkono wake begani ukimgusa kwa fahari. Maneno mengine yote yalikuwepo. Lakini yangetokaje? Alikuwa amevaa gauni zuri, amechanwa nywele, na foleni nyuma yao ilikuwa na watu waliofungwa bandeji na watoto waliolia kweli kweli. Aliogopa kwamba akisema, wote watageuka kumtazama na kuona mtoto mzima anayedanganya.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani na rundo la mafaili yaliyomfika kidevuni. Alisoma karatasi ya maabara, akasoma alichoandika muuguzi, akatabasamu. Vipimo vyote safi, alisema, na mwenyewe anasema anaendelea vizuri. Aongeze mazoezi kidogo kidogo, mwili utazoea.

Njia nzima ya kurudi baba hakumlaumu. Alisema tu kwamba shule inafungwa Ijumaa na shangazi atakuja Jumamosi.

Chiriku aliamua kujifunza kazi kabla ya kuondoka. Ikiwa daktari alisema mwili utazoea, basi ataulazimisha uzoee. Alhamisi alibeba ndoo za maji kutoka bombani mpaka uani, moja baada ya nyingine, akihesabu hatua kwa meno yaliyoumana. Alibeba ndoo tisa. Mama alimwambia inatosha, lakini baba alichungulia mlangoni na kusema, bila kuficha furaha yake, kwamba sasa anamwona binti yake wa zamani. Chiriku akabeba ya kumi.

Jumamosi asubuhi alikunja vidole vya miguu, na vidole havikuitika.

Alijaribu tena. Alivifikiria kimoja kimoja, lakini vilikuwa mbali, kama vya mtu mwingine aliyelala chumba cha jirani. Mikono ilikuwa mizito. Mwanga uliopenya kwenye pazia ulimchoma macho. Upande wa pili aliisikia pasi ikiteleza juu ya shuka na mvuke ukipumua, na kila mpumuo ulimgonga kichwani. Alitaka kumwita mama, lakini kutafuta sauti kulimchosha kabla hajaipata. Hivyo ndivyo watu wanavyokufa? alijiuliza. Kimyakimya hivi, hatua nne kutoka kwa baba yao?

Mdogo wake aliingia kumwambia kwamba shangazi yuko njiani. Alipoona hajibiwi, alimsukuma bega, kisha akarudi nyuma na kutoka. Baada yake alikuja baba. Alifungua pazia na kumtazama.

"Inuka, Chiriku," alisema. "Shangazi yako hali watu. Leo maigizo yatanitia aibu."

Alingoja. Chozi moja lilimtoka Chiriku na kuingia sikioni, na hakuweza kulifuta. Baba aliachia pazia na kurudi mezani. Pasi haikusikika tena kwa muda.

Saa nne hivi, muuguzi alipita kuchukua sare zake. Alikuwa amezoea kuamkiwa mlangoni, kwa hiyo aliuliza mwamkizi wake yuko wapi leo. Baba akasema amelala, kisha akaona jibu hilo halina heshima kwa saa ile, akaongeza kwamba binti anaogopa safari na amegoma kuamka. Mama, aliyekuwa amesimama mlango wa uani na povu mikononi, alimkata kauli. Alisema hajagoma. Alisema tangu alfajiri hajageuka ubavu, na kama mumewe haoni, basi na amwite mtu mwenye macho.

Mama hakuwa mtu wa kusema hivyo mbele ya wateja. Muuguzi aliweka mkoba wake juu ya meza na kufungua pazia.

"Hujambo, mama?" alimuuliza Chiriku kwa sauti ya chini.

Midomo ya Chiriku ilisogea. Muuguzi aliinama ili asikie.

"Shikamoo," alinong'ona Chiriku. "Sijambo."

Muuguzi alimtazama mtoto yule asiyeweza kugeuza shingo, ambaye jibu lake lilikuwa lile lile la hospitalini, neno kwa neno, kama alivyoliandika yeye mwenyewe kwa kalamu yake. Aliketi juu ya bunda la nguo chafu, akashika kifundo cha mkono wa Chiriku na kuhesabu mapigo. Kisha akauliza maswali ya namna nyingine.

"Siku ya kuja hospitali, nani alikuchana nywele?"

"Mama."

"Kwa nini si wewe?"

"Mikono haifiki."

"Tangu lini?"

"Tangu homa. Siku nyingine inafika. Nikifanya kazi leo, kesho haifiki."

Muuguzi aliendelea polepole, akimpa nafasi ya kupumua kati ya jibu na jibu. Akamuuliza juu ya shule, kusoma, kusimama, siku zinazofuata michezo. Mwishoni akauliza kwa nini hakumwambia haya yote hospitalini.

"Uliniuliza hujambo," Chiriku alisema.

Baba alikuwa amesimama kwenye pazia, shati la mtu mkononi, nusu limenyooshwa na nusu lina makunyanzi. Alikuwa amesikia yote.

Shangazi alifika saa sita na mifuko miwili ya mikate, akiita kutoka barabarani. Alipita moja kwa moja mpaka kitandani, akasema mtoto hainuki kwa kubembelezwa, akatia mikono chini ya makwapa ya Chiriku na kumkalisha. Kichwa cha Chiriku kiliangukia kifuani pake, uso ukamgeuka rangi ya majivu. Shangazi alimlaza upesi. Alitoka nje ya pazia na kuketi, na mwanamke yule ambaye watu walimsikia kabla ya kumwona hakusema kitu mpaka mama alipomletea maji.

"Kaka," alisema, "huyu hachezi."

Shangazi hakuondoka na mtu. Alikaa siku nne akifua na mama, na Chiriku alipoweza kuketi tena, baba alimrudisha hospitali. Safari hii hakuvikwa gauni la kutokea. Muuguzi alikuwa amekwisha kuzungumza na daktari. Yule kijana mwenye miwani alisogeza rundo la mafaili pembeni, akamwambia Chiriku aeleze tangu siku ya homa, na akichoka apumzike, hakuna anayemfukuza. Chiriku alieleza. Alisita alipofika kwenye ndoo kumi, kwa sababu baba alikuwepo, lakini alimaliza.

Daktari alivua miwani akaifuta. Alimwomba radhi, yeye mtoto, si baba. Alisema alipaswa kuuliza zaidi, na kwamba ushauri wake wa mazoezi ulimzidishia ugonjwa. Kisha akaeleza kwamba kuna ugonjwa wa uchovu wa kudumu, ambao mara nyingine huanza baada ya homa ya kawaida. Vipimo vya maabara haviuonyeshi. Hutambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa vizuri na kuhakikisha si maradhi mengine. Mwenye ugonjwa huo akizidisha kazi, mwili humwangusha, mara nyingi siku moja au mbili baadaye. Usingizi haumpi nguvu, na kichwa huwa kizito. Si uvivu, si uoga, na mtu hawezi kuushinda kwa kujikaza. Kujikaza ndiko kunakomwangusha.

Baba aliuliza dawa. Daktari akasema dawa ya kuuondoa bado haijapatikana, ingawa maumivu na usingizi vinaweza kusaidiwa. Baba aliuliza utakwisha lini. Daktari akasema hajui. Watoto wengi hupata nafuu kadiri muda unavyopita, wengine huchukua miaka, na yeye hataki kumdanganya. Neno miaka lilimwogopesha Chiriku. Hata hivyo, jambo moja lilikuwa limebadilika. Kile kilichomtisha kilikuwa na jina sasa, na watu wengine chumbani walikuwa wanakiogopa pamoja naye.

Waliyojifunza siku ile yalikuwa magumu kuyatenda kuliko kuyasikia. Chiriku alipaswa kuacha kazi akiwa bado na nguvu, si baada ya kuishiwa. Alioga akiwa ameketi kwenye kigoda. Shule ilipofunguliwa, alikwenda mpaka mapumziko ya kwanza tu, na mwalimu, baada ya kusoma barua ya daktari, alimruhusu kuketi wakati wengine wamesimama mstarini. Msichana mmoja, ambaye zamani alikuwa wa kwanza kumwita Bi Kitanda, alimletea daftari lake jioni. Hakusema samahani. Alisema tu mwandiko wake mbaya, asimcheke.

Siku moja Chiriku aliamka mwepesi, na wenzake wakamwita kwenye kamba. Miguu ilimwasha kwa hamu.

"Leo naweza," aliwaambia. "Keshokutwa ndiyo sitaweza. Acheni nihesabu."

"Wewe unajua mpaka ya keshokutwa?" mmoja alimtania. "Basi tuambie na maswali ya mtihani."

Walicheka, naye akacheka, akaketi kwenye ngazi ya darasa na kuwahesabia mpaka kengele. Kulikuwa na siku nyingine alikosea, akazidisha, akalala siku tatu nyuma ya pazia na hofu ile ile ya zamani. Lakini sasa baba aliinua pazia kila baada ya mashati mawili, akasimama pale kidogo, kisha akarudi kwenye pasi.

Jioni moja Chiriku alikuwa akishona alama, na mdogo wake akimkabidhi nyuzi. Fundi bomba alikuja, akaamkiwa, akauliza hujambo, akajibiwa sijambo, akaondoka na nguo zake. Baba aliisimamisha pasi.

"Nyinyi watoto, sikilizeni," alisema. "Mimi niliwafundisha salamu, na salamu ni njema, iitikieni vilevile kwa kila mtu. Lakini niliwafundisha nusu. Mtu anayetaka kukusaidia akikuuliza hali, ukishaitikia, mwambie ukweli wa mwili wako, hata kama kuna foleni, hata kama baba yako amesimama nyuma yako. Kumficha si adabu. Unamnyima kazi yake. Na sisi wakubwa tukiambiwa, kazi yetu ni kusikiliza kabla ya kuhukumu. Mimi sikusikiliza. Mtoto wangu alibeba ndoo kumi kwa sababu yangu."

Alijikohoza, akachukua pasi, akaiweka tena.

"Haya. Hujambo, Chiriku?"

"Sijambo, baba," alisema Chiriku. Alisita. Mashati manne yalikuwa bado hayajatiwa alama. "Lakini mikono imeanza kuwa mizito."

Baba aliketi kwenye kigoda mkabala naye na kunyoosha kiganja. Chiriku akampa sindano. Vidole vya baba vilikuwa vinene, vimekauka kwa sabuni, na ilimchukua muda mrefu kupitisha uzi kwenye tundu. Mdogo wake alimwambia anashona kama anayefunga mbuzi. Baba akamwambia anyamaze, akashona mishono mitatu iliyopinda, akaitazama, na kuchukua shati la pili.